Kuhamia mashambani Italia: ogopa moshi kabla ya nyoka

Swali: Nimeolewa na Muitaliano, na mwezi wa tisa tunahamia kwao, Maremma, katika mkoa wa Grosseto. Nyumba ni ya mawe, iko peke yake katikati ya mizeituni, na hospitali ni mwendo wa nusu saa kwa gari. Nina mtoto wa miaka minne. Mume wangu anasema kule hakuna hatari yoyote. Mamake anasema kuna nyoka na nguruwe mwitu. Nijiandae vipi ili mimi na mwanangu tukae salama na wenye afya? – Msomaji, Malindi

Jibu:

Dada yangu, mama mkwe wako amesema kweli. Nyoka wapo, na nguruwe mwitu wamejaa tele. Lakini mimi ni muuguzi huku Toscana, jimbo ambamo Maremma imo, na wagonjwa wa mashambani ninaowaona ni nadra kuletwa na nyoka. Wanaletwa na moshi wa ndani ya nyumba, na chakula kilichosindikwa vibaya, na uyoga, na trekta iliyopinduka, na barabara isiyo na taa. Tena wengi wanaletwa wamechelewa, na kuchelewa huko ndiko kunakogeuza jambo dogo kuwa msiba. Kwa hiyo nitaanzia hapo, nyoka nitamfikia.

Kabla hata hujamaliza kufungua masanduku, hakikisha unaweza kuita msaada wewe mwenyewe, bila mumeo. Namba ni 112 kwa dharura zote, na ni bure. Namba ya zamani ya ambulensi, 118, bado inajibiwa. Vituo vya 112 vinaweza kuunganisha mkalimani kwenye simu, ila kumtafuta kunakula muda, kwa hiyo jifunze sentensi chache mpaka uweze kuzisema ukiwa unatetemeka: «Mi serve un'ambulanza», nahitaji ambulensi. «Mio figlio non respira bene», mwanangu hapumui vizuri. «È svenuto», amezimia. «Abito a…», naishi mahali fulani.

Hiyo ya mwisho ndiyo inayosumbua. Nyumba nyingi za mashambani Maremma hujulikana kwa jina la shamba, yaani podere, na dereva wa ambulensi anaweza kuzunguka usiku akitafuta njia ya vumbi isiyo na kibao. Siku ya kwanza ukifika, simama mlangoni, fungua ramani kwenye simu, bonyeza ilipo nyumba mpaka zitokee zile namba mbili za mahali, uziandike kwa herufi kubwa kwenye karatasi na uibandike kwenye friji. Chini yake andika jina la podere na njia panda ya karibu. Pakua pia programu ya simu iitwayo Where ARE U, iliyounganishwa na 112 na inayotuma mahali ulipo pamoja na simu yako. Kisha tembea na simu chumba kwa chumba uone mtandao unapotea wapi, maana kuta za mawe zenye unene wa dhiraa moja huzuia mawimbi, na hutaki kuligundua hilo usiku wa manane. Ukishaita ambulensi, fungua geti, funga mbwa, washa taa zote za nje, na kama kuna mtu wa pili nyumbani aende njia panda na tochi.

Kwa homa ya usiku au sikio linalouma mwishoni mwa wiki, yaani jambo lisilo la kufa na kupona, kuna daktari wa zamu anayeitwa guardia medica. Mchana wa siku za kazi unakwenda kwa daktari wako wa familia, medico di base, na mtoto ana daktari wake wa watoto. Hawa wawili utawapata ukijiandikisha kwenye mfumo wa afya wa taifa, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1978. Wewe ni mke wa raia na utakuwa na kibali cha familia, hivyo uandikishwaji wako ni haki yako na haulipiwi. Nenda na pasipoti, kibali au risiti ya kukiomba, na namba ya kodi, codice fiscale. Usikubali kuambiwa «tutafanya baadaye». Mama anayeanza kumtafuta daktari siku ambayo mtoto ana homa ya nyuzi 40 anateseka bure.

Sasa moshi. Hapa nakuomba unisikilize kwa makini, maana ni hatari tunayotoka nayo nyumbani. Sisi tumelelewa na jiko la makaa, na Malindi halina neno, kwa kuwa madirisha yako wazi na upepo wa bahari unapita. Mwezi wa Novemba Maremma utakuta nyumba ya mawe yenye unyevu, baridi inaingia kwenye mifupa, madirisha yana vioo viwili na yamefungwa kabisa ili joto lisitoke. Mtu anachoma nyama nje, anaona makaa yamebaki mekundu, anasema tuyaingize ndani tuote kidogo. Kila majira ya baridi Italia kuna watu wanaokufa hivyo, na mara nyingi ni wageni kama sisi. Gesi inayoua, kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi. Usidhani makaa yaliyofifia, yasiyotoa moshi wa kuonekana, yamekwisha hatari. Yanaendelea kuitoa gesi hiyo wakati wewe umeshalala.

Dalili zake zinafanana na mafua au chakula kibaya: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, usingizi mzito. Ukiona watu wote wa nyumba moja wanaumwa kichwa kwa pamoja, au mtu anapata nafuu akitoka nje na anazidiwa akirudi ndani, usiwape dawa ya maumivu walale. Toeni watoto nje, fungua milango, piga 112, na useme «monossido». Usipumbazwe na kile kifaa kidogo cha kidoleni kinachopima oksijeni, kwa sababu kwenye sumu hii huonyesha namba nzuri ilhali mtu anakufa.

Jiko la makaa basi liwe la nje tu, na libaki nje hata likizima. Meko ya ukutani na jiko la kuni vinahitaji dohani iliyosafishwa na fundi kila mwaka kabla ya baridi. Boila ya gesi nayo ina ukaguzi wake kisheria, mwulize mumeo akuonyeshe karatasi. Na nunueni kifaa cha kutambua kaboni monoksaidi, kiwekwe karibu na mnapolala. Kama fedha zenu zinatosha kununua kitu kimoja tu cha usalama mwaka huu, kinunueni hiki.

Tuje kwenye chakula. Majirani watakupenda, na watakuletea chupa: bilingani kwenye mafuta, uyoga kwenye mafuta, vitunguu saumu kwenye mafuta. Italia ni miongoni mwa nchi za Ulaya zenye wagonjwa wengi wa botulizimu, sumu ya chakula inayopoozesha misuli, na sababu kubwa ni usindikaji huu wa nyumbani. Mdudu wa ugonjwa huo anapenda mahali pasipo hewa na pasipo asidi, na mafuta yanampa vyote viwili. Waliofundishwa vizuri huchemsha mboga kwenye siki kwanza, ndipo wanaziweka kwenye mafuta. Muulize jirani kwa upole alivyotengeneza, hataudhika, kwani Waitaliano hufurahi kueleza mapishi yao. Kama hakuna siki, pokea, shukuru, na usile. Kifuniko kilichofura au chupa inayotoa povu inatupwa bila kuonjwa. Mtu akianza kuona vitu viwiliviwili, kope zikamlegea, akashindwa kumeza, ni hospitali mara moja. Na ukijaaliwa mtoto mwingine, usimlambishe asali kabla hajatimiza mwaka, hata kama bibi atasisitiza.

Uyoga wa porini ni habari nyingine. Vuli inapoingia kila mtu huenda msituni na kikapu. Kuna mmoja, Amanita phalloides, una rangi ya kijanikijani na umbo la kupendeza, na unaharibu ini. Ubaya wake ni kwamba tumbo huanza kuvuruga saa 6 au zaidi baada ya kula, mara nyingi kesho yake, wakati sumu imekwisha kuingia mwilini. Kuupika hakusaidii, na ile imani kwamba konokono akiula ni salama ni ya uongo. Idara ya afya ya kila eneo ina wakaguzi wa uyoga, ispettorato micologico, wanaoukagua bure kwa mtu binafsi. Usile uyoga wa msituni ambao hawajauona, hata ukiwa umeletwa na mzee aliyeokota miaka 50.

Maziwa mabichi ya ng'ombe chemsha kama ulivyofundishwa na mama yako, na mtoto wa miaka minne usimpe jibini ya maziwa mabichi, kwa sababu kuna aina ya bakteria ambayo kwa watoto wadogo huishia kwenye figo. Maji ya bomba la halmashauri ni safi. Kama nyumba inatumia kisima, pozzo, yapimwe maabara kabla hamjayanywa, hata kama babu wa mumeo aliyanywa maisha yake yote.

Huko nje, mdudu wa kumchunga ni kupe. Anakaa kwenye majani marefu na kwenye mbwa, kuanzia masika mpaka vuli. Mkitoka matembezi, mvue mwanao nguo na umkague: nyuma ya masikio, kwenye nywele, kwapani, kinena, nyuma ya magoti, kitovuni. Kwenye nywele za kipilipili macho hayatoshi, pitisha ncha za vidole polepole kichwa kizima. Ukimkuta, mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, vuta taratibu bila kumminya tumbo. Usimpake mafuta, usimchome kwa kiberiti. Andika tarehe kwenye kalenda, kisha angalia mahali hapo na hali ya mtoto kwa mwezi mmoja na zaidi.

Madaktari hufundishwa kwamba ugonjwa wa Lyme, unaoletwa na kupe, huanza na duara jekundu linalopanuka. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani. Utaona kivuli cha zambarau au kahawia, kama alama ya kugongwa, chenye joto kidogo, na kila siku kinakuwa kikubwa. Kipige picha kila siku ukiwa umeweka sarafu pembeni, umwonyeshe daktari picha zote kwa mpangilio, na umwambie tarehe ya kupe. Ugonjwa huu umeenea zaidi kaskazini mashariki, kule Friuli na Trentino, kuliko Maremma. Italia ya kati na kusini, pamoja na visiwa, wana homa nyingine ya kupe wa mbwa, inayoacha kidonda kidogo chenye kigaga cheusi mahali alipouma. Zote mbili zinatibika kwa antibiotiki zikianza mapema.

Haya, nyoka. Maremma kuna aina moja ya nyoka wa sumu wa kuhofia, vipera. Ni wa ukoo mmoja na kifutu wa kwetu, ila ni mdogo zaidi na vifo kutokana naye ni nadra sana. Anapenda kuota jua kwenye kuta za mawe na kujificha kwenye marundo ya kuni. Vaa buti, usiingize mkono mahali usipopaona, chukua kuni kwa glavu, kata majani kuzunguka nyumba. Akimuuma mtu: mtulize, mvue pete na viatu kabla hajavimba, mkono au mguu usisogezwe, piga 112. Hakuna kuchanja, hakuna kunyonya, hakuna kufunga kamba, hakuna jiwe jeusi.

Nguruwe mwitu hataki shari nawe, isipokuwa ukiingia kati yake na wanawe, au mbwa wako akimfukuza. Madhara yake makubwa ni barabarani jioni, anapokatiza mbele ya gari. Endesheni polepole palipo na msitu pande zote, na akipita mmoja subirini, nyuma yake kuna wengine. Nyama yake, kama nyumbani kwenu mnaila, iive mpaka ndani kwa sababu ya minyoo ya misuli.

Binafsi nawahofia wawindaji kuliko nguruwe wenyewe. Msimu wa kuwinda ni kati ya Septemba na mwisho wa Januari, na sheria ya Italia inamruhusu mwindaji kupita kwenye shamba la mtu lisilozungushiwa ua. Hawaruhusiwi kuwinda umbali chini ya mita 100 kutoka kwenye nyumba, na Jumanne na Ijumaa ni siku za mapumziko. Basi matembezi marefu na mtoto yapangwe siku hizo mbili. Siku nyingine vaeni vizibao vya rangi ya chungwa, na ukiona kibao kimeandikwa «battuta in corso», yaani msako wa wawindaji unaendelea, geuka urudi.

Vizibao hivyo vitawafaa barabarani pia. Kwetu magari hupita kushoto, kule hupita kulia. Nje ya mji tembea upande wako wa kushoto ili gari likujie usoni, na kabla ya kuvuka anza kutazama kushoto. Mwili umezoea kinyume kwa miaka mingi, na wageni wengi hugongwa wiki za mwanzo kwa sababu hiyo. Jambo jingine la mazoea ni kuchoma majani na takataka shambani. Toscana hairuhusiwi kuanzia Julai 1 hadi Agosti 31, na marufuku huongezwa kiangazi kikiwa kikali. Ukiona moto wa nyika, piga 112.

Utauliza kuhusu malaria. Maremma iliwahi kuwa nchi ya malaria kweli kweli, watu walikuwa wakihama mabondeni wakati wa kiangazi. Shirika la Afya Duniani lilitangaza Italia huru mwaka 1970. Mbu wake hawakuisha lakini: mwaka 1997, hukohuko mkoa wa Grosseto, mwanamke ambaye hakuwahi kusafiri alipata malaria kutoka kwa mbu wa hapo aliyekuwa ameinyonya kwa mtoto aliyetoka India. Tangu mwaka 1990 kuna pia mbu mwenye milia, anayeuma mchana. Huyo ndiye aliyeeneza chikungunya mwaka 2007 katika vijiji vya karibu na Ravenna. Mwaga maji ya visahani vya maua kila wiki, weka neti madirishani.

Hatari kubwa ya malaria kwenu itakuja siku mtakaporudi Malindi kusalimia. Kinga ya mwili hupungua mtu akikaa mbali nayo, na mtoto atakuwa hana kabisa. Wengi wa wanaougua malaria Ulaya ni watu kama sisi, waliokwenda kwao likizo bila dawa za kukinga kwa kuamini wameizoea. Kunyweni dawa hizo. Na homa yoyote ndani ya miezi mitatu baada ya kurudi, hata kama ni Januari na kila mtu ana mafua, nenda hospitali na useme: «Torno dal Kenya, voglio il test per la malaria», nimerudi kutoka Kenya, nataka kipimo cha malaria. Daktari wa mashambani asiyeiona malaria mwaka mzima hataifikiria usipomtajia.

Lingine ni la damu yetu. Masika, hasa mwezi wa tano, Waitaliano hula kunde kubwa za kijani, mbichi, pamoja na jibini. Zinaitwa fave. Mtu mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD akizila anaweza kuvunjikiwa na chembe za damu, akawa manjano na kukojoa mkojo mweusi. Upungufu huo upo kwa watu wengi wa pwani yetu, hasa wanaume. Wa kwetu mara nyingi ni mwepesi kuliko ule wa Sardinia, lakini si wa kuuchezea kwa mtoto. Ndiyo maana katika maduka mengi utaona tangazo mlangoni kwamba ndani kuna fave mbichi.

Na jambo ambalo hukuliuliza: upweke. Nyumba iliyo peke yake katikati ya mizeituni inapendeza Septemba. Ikifika Januari, giza linaingia saa kumi na moja jioni, mumeo yuko kazini na gari, na lugha huijui. Nimewaona kina dada wenye afya wakinyauka hivyo. Leseni yako ya Kenya itatumika mwaka mmoja tu tangu uandikishwe ukaazi, na haibadilishwi: lazima ufanye mtihani upya, kwa Kiitaliano. Anza kujifunza mapema. Shule za serikali za watu wazima, CPIA, hufundisha lugha kwa gharama ndogo au bure. Kituo cha afya ya mama na familia, consultorio, kina mkunga, daktari wa wanawake na mwanasaikolojia, na kimewekwa kwa ajili yako. Namba ya simu ya kituo hicho iwe kwenye simu yako. Iwe na 1522 pia, ya wanawake wanaodhulumiwa nyumbani, ya bure, usiku na mchana, na wanaojibu wanazungumza lugha kadhaa. Simtilii shaka mumeo. Ninampa namba hiyo kila dada anayehamia mahali ambapo jirani hawezi kumsikia akiita.

Kabla hujapanda ndege, mpeleke mtoto hospitali hapo Malindi akapimwe selimundu na G6PD, nawe pia, na majibu yawe kwenye karatasi yenye muhuri. Chukua kile kijitabu cha kliniki cha mama na mtoto, chanjo zote zikiwa zimejazwa, maana Italia ina chanjo 10 za lazima kwa watoto, na bila hizo mtoto wa umri wake hapokelewi shule ya chekechea. Vyote vitafsiriwe kwa Kiitaliano, na uvibebe kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye sanduku.